Skeli ya bluzi kwa anayeanza gitaa: noti sita na mahali pa kuzitua

Anayeanza kujifunza skeli ya bluzi huonyeshwa umbo la vidole kwenye freti ya 5, hulikariri, kisha hushangaa kwamba anachopiga ni zoezi la vidole tu. Umbo lenyewe ni sahihi. Kinachokosekana ni kujua kila noti ina uhusiano gani na kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inayolia chini yake.

Tuchukue ufunguo wa A. Skeli ina noti sita: A, C, D, E-flati (freti moja chini ya E), E na G. Ukiondoa E-flati, unabaki na pentatoniki ya maina, yaani skeli ya noti tano, ambayo huenda umekwisha kuizoea. Kwenye uzi wa tano, ukihesabu kuanzia ule mwembamba zaidi, D iko freti ya 5, E-flati ya 6 na E ya 7. Ipitie E-flati unapopanda au kushuka baina ya D na E, wala usiikalie, maana ni noti inayotafuta pa kwenda. Wanaoanza huitumia mno kwa sababu ndiyo ngeni kwao.

Kwa maoni yangu, noti inayostahili kazi kubwa zaidi ni C. Kordi ya A7 imeundwa kwa A, C-shapu (freti moja juu ya C), E na G, kwa hiyo C ya skeli inagongana nayo waziwazi, na mgongano huo ndio unaoipa bluzi ladha yake. Waimbaji Weusi wa kusini mwa Marekani waliimba sauti iliyo kati ya noti hizo mbili, nayo gitaa huifikia kwa kuvuta uzi. Bonyeza C kwenye uzi wa tatu, freti ya 5, kwa kidole cha shahada, kisha uivute kidogo kuelekea sakafuni, takribani robo toni (nusu ya umbali wa freti moja), bila kufika C-shapu. (Mpiga piano, asiyeweza kuvuta chochote, huzigonga zote mbili karibu kwa pamoja.)

Mzunguko wa kawaida wa kordi za bluzi una vipimo 12, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na mapigo manne: vinne vya A7, viwili vya D7, viwili vya A7, kimoja cha E7, kimoja cha D7, na viwili vya mwisho vya A7. D7 inapoingia, C inakuwa noti ya kordi yenyewe, hivyo iache inyooke, bila kuivuta. Juu ya E7, tua kwenye E au D. G hapo inagongana na G-shapu ya kordi kama C inavyogongana na C-shapu katika A7, nayo pia hupendeza ikivutwa kidogo.

Rekodi mzunguko huo, kisha piga noti moja tu katika kila kipimo, ukisikiliza ipi inatulia na ipi inadai kuendelea. Baadaye ongeza vifungu vifupi na uache ukimya baina yake. B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alikuwa akiimba, kisha gitaa likamjibu, na nafasi hizo ni sehemu ya muziki.

Skeli ya bluzi ya meja, yaani A, B, C, C-shapu, E na F-shapu, isubiri hadi haya yakae sikioni. Umbo lake ni lilelile lililoshushwa freti tatu, ila noti ya msingi inabaki A. Itumie juu ya A7, na D7 ikifika urudi kwenye ile ya kwanza, ya maina, kwa kuwa C-shapu hugombana na C iliyomo katika kordi hiyo.