Swali la lugha: Setilaiti "imepima" au modeli "imekadiria"?

Mwalimu mmoja wa fizikia anaandaa makala kuhusu ionosfera, sehemu ya anga la juu ambamo miale ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli na kuacha ioni. Anauliza kama ni sahihi kuandika kwamba "setilaiti zimepima" kiasi cha ioni za oksijeni kila mahali, hata pale ambapo takwimu zimetokana na hesabu za kompyuta.

Si sahihi. Kitenzi "kupima" hudai kwamba kipimo na kinachopimwa vimekutana. Fundi cherehani humpima mteja aliyesimama mbele yake, asiyekuwepo humkadiria. Setilaiti za Marekani za Atmosphere Explorer, zilizorushwa miaka ya 1970, zilibeba vyombo vilivyozitenganisha ioni kwa uzito wake palepale zilipopita, kwa hiyo kusema "zilipima ioni za oksijeni" ni kusema kweli.

Ugumu unaanza na setilaiti 6 za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019 kwa ushirikiano wa Taiwan na Marekani. Hizi hupokea mawimbi ya redio ya GPS yaliyopenya ionosfera, na kinachopimwa hasa ni jinsi mawimbi hayo yalivyobadilika njiani. Kutokana na badiliko hilo, wataalamu hukokotoa wingi wa elektroni katika kila mwinuko. Hapa kitenzi kinachofaa ni "kukokotoa". Tena mawimbi hayo huhesabu elektroni tu, wala hayaelezi kama zilitoka kwenye oksijeni au haidrojeni, kwa hiyo mwandishi anayesema kwamba mawimbi hayo ya GPS "yamepima ioni za oksijeni" anakosea mara mbili.

Modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga ionosfera, ni jambo jingine kabisa. Modeli ya IRI (International Reference Ionosphere), inayosimamiwa na mashirika ya kimataifa ya utafiti wa anga za juu (COSPAR) na ya sayansi ya redio (URSI), hukusanya vipimo vya miaka mingi, vya setilaiti na vya mitambo ya ardhini, kisha hutoa wastani wa mwezi kwa mahali na saa unayotaka, hata kama hakuna chombo kilichowahi kupita hapo saa hiyo. Basi andika: "Kwa mujibu wa modeli ya IRI, inakadiriwa kwamba katika mwinuko wa kilomita 300 juu ya Malindi, ioni nyingi ni za oksijeni." Nimeitaja Malindi kwa kuwa ndiko, kwenye jukwaa la baharini, Waitalia walikorusha setilaiti ya San Marco 2 mwezi Aprili 1967 ili kuchunguza anga hilo la ikweta.

Nasisitiza pia kwamba modeli isiandikwe kuwa "imekisia", kwa sababu kukisia hakuhitaji msingi wowote, ilhali makadirio husimama juu ya vipimo. "Kutabiri" nako kutumike kwa wakati ujao pekee: modeli inayoeleza ionosfera itakavyokuwa kesho hutabiri, na inayoeleza ilivyokuwa jana hukadiria.