Uliza Tukujibu: Kipanya na Kibodi Visivyo na Waya

Nataka kipanya na kibodi visivyo na waya kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue vya Bluetooth, mwingine vya kipokezi cha kuchomeka. Nichukue vipi?
*Msomaji, Kisasa, Dodoma*

Anza na kompyuta uliyonayo. Ikiwa ni ya mezani, hasa zile za mtumba zilizotoka maofisini, nyingi hazina Bluetooth. Chukua seti yenye kipokezi: unakichomeka kwenye tundu la USB, unasubiri sekunde chache, unaanza kazi. Kibodi ya namna hii huandika hata kabla Windows haijawaka. Siku kompyuta ikigoma na fundi akataka kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, kibodi ya Bluetooth inaweza isitambuliwe kabisa. Bluetooth inamfaa zaidi mwenye laptopu ya matundu machache, au anayetaka kibodi ileile aitumie pia kwenye simu.

Seti nzima itumie kipokezi kimoja, ili usipoteze matundu mawili. Kitafute kabla hujatupa boksi. Mara nyingi hufichwa ndani ya kipanya, pale zinapokaa betri. Kikipotea, kwa seti nyingi za bei ndogo ndiyo basi tena, maana kipokezi kingine hakitaitambua. Vifaa vya Logitech vyenye alama ya Unifying au Bolt vina nafuu: huunganishwa upya na kipokezi kingine cha aina hiyohiyo.

Usilipe kabla ya kujaribu. Omba uchomeke palepale dukani, bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, na kile cha kuachia nafasi kigonge pembeni zote mbili, kwani vibovu huitikia katikati tu. Kama unapiga hesabu za duka au vikoba, chukua kibodi yenye safu ya namba upande wa kulia. Kasi ya kipanya isikusumbue: DPI, yaani kipimo cha wepesi wa mshale, za 1000 hadi 1600 zinatosha kabisa kwa kazi za nyumbani, kubwa zaidi ya hapo ni za wacheza gemu.

Kipanya kinakwamakwama na mshale unaruka, ingawa betri ni mpya. CPU iko chini ya meza.
*Msomaji, Nzuguni*

Tunashuku mahali ulipochomeka kipokezi. Tundu la USB 3.0, ambalo aghalabu ni la buluu, hutoa mwingiliano kwenye masafa ya 2.4 GHz, na humo ndimo kipanya kinamozungumza na kipokezi chake. Nyuma ya CPU kuna bati pia linalozuia mawimbi. Hamishia kipokezi kwenye tundu jeusi la mbele, au nunua waya wa kurefusha USB ukipandishe juu ya meza. Ruta ya Wi-Fi nayo isikae ubavuni mwake.

Kisha geuza kipanya. Kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi, na vumbi hilo hujikusanya kwenye kitundu cha mwanga. Lisafishe kwa kijiti cha pamba kikavu. Ukipuliza kwa mdomo unaligandisha kwa mate. Na kama meza ni ya kioo, tandika pedi au hata karatasi nyeupe, kwa sababu vipanya vingi vya kawaida havisomi kioo.

Betri zipi zinadumu?
*Msomaji, Kondoa*

Za alkali. Zile nyepesi za bei rahisi, za zinki na kaboni, huisha mapema na zikiachwa ndani huvuja na kula vibati. Usichanganye mpya na kuukuu. Za kuchaji za volti 1.2 zinafaa, ila taa ya betri inaweza kuwahi kuonya. Ukisafiri mwezi mzima, zitoe.

Nikibonyeza @ inatokea alama ya kunukuu. Kibodi ni mbovu?
*Msomaji, Manyoni*

Ni nzima. Kama @ imechapwa karibu na Enter, kibodi ni ya mpangilio wa Uingereza, ilhali Windows yako imewekewa wa Marekani; kama iko kwenye kitufe cha 2, ni kinyume chake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia sehemu ya saa na lugha, ongeza mpangilio unaolingana na kibodi yako, kisha ondoa ule mwingine ili isibadilishane yenyewe.