Presha ya macho haiumi, kapime kabla upande mmoja haujazima

Baba yangu ni fundi baiskeli, kafanya kazi hiyo Ngamiani zaidi ya miaka thelathini, na Tanga hii mnajua watu na baiskeli, mteja hakosi. Jioni akifunga anakaa barazani na wazee wenzie wanacheza bao. Sasa mwaka juzi wenzie wakaanza kulalamika kwamba mzee anaacha kete shimo la mwisho la kushoto, mkono unapita unaliruka kama halipo, na wengine wakadhani anawaibia. Nyumbani nikimwekea chai kushoto anaipiga kiwiko. Halafu siku moja akaivaa bajaji iliyopaki pembeni kabisa ya barabara, mchana kweupe, hapo ndo nikashtuka.

Yeye alishajiamulia ni uzee tu. Alikuwa ananunua miwani ya kusomea kwa wale wanaotembeza barabarani, anajaribisha mpaka apate inayomkaa, na nilikuta pea tatu kwenye droo ya spana. Niseme hapa hapa, miwani ya aina hiyo inakusaidia kusoma lakini aliyekuuzia hajakupima jicho, hajaangalia ndani, na ndo muda unavyopotea.

Nikampeleka kliniki ya macho hapa mtaani. Nesi alipomwambia "mzee shikamoo, tunakupima presha" baba akajibu "marahaba, presha yangu nimepima juzi iko sawa". Na najua wengi wanachanganya hivyo hivyo. Presha ya macho sio ile ya damu, unaweza ukawa na moja bila nyingine. Daktari alitueleza vizuri sana: ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa muda wote, sio machozi, ni mengine, na yanatoka kupitia kichujio kidogo pembeni. Kichujio kikigoma maji yanajaa, presha inapanda, na ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unaanza kufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Kwa kawaida presha inakuwa kati ya 10 na 21. Baba jicho la kushoto lilisoma 38, la kulia 29. La kushoto lilikuwa limeshakufa na yeye hajui, maana la kulia lilikuwa linamfidia.

Haikumuuma hata siku moja. Hii aina iliyo nyingi huku kwetu haina maumivu, haina wekundu, haina tongotongo, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Mtoto wa jicho ni kitu kingine, ule unatolewa unawekewa lenzi ya bandia na mtu anaona tena, kwahiyo msije mkakaa nyumbani mkisubiri "uive" wakati kumbe ni presha.

Tukaandikiwa matone ya timololi ya kushusha hiyo presha, na hapa ndo nataka niwaambie kitu ambacho kingetuokolea hela nyingi tungekijua mapema. Mwezi wa kwanza dawa ilikuwa inaisha wiki mbili. Nikamuangalia siku moja anavyoweka: kasimama, kichwa kakiinua kidogo, chupa iko mbali, anaminya, tone la kwanza shavuni, la pili kwenye kope, la tatu ndo linaingia halafu anapepesa linatoka lote. Nesi akatufundisha upya. Mlaze, au ainamishe kichwa nyuma kabisa, vuta kope la chini mpaka lifanye kamfuko, tone moja tu, afumbe macho taratibu bila kuyabana, halafu kidole kibonyeze kona ya jicho karibu na pua dakika moja au mbili. Usipobonyeza dawa inateremka puani na kooni inaingia kwenye damu, na hii timololi kwa mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole ni hatari, mwambieni daktari mapema kabla hajaandika. Kama mna dawa mbili pumzikeni dakika tano katikati.

Na hayo matone ya duka la dawa ambayo mama anamwekea mtoto kila macho yakiwasha, nawaomba sana someni kikaratasi. Yakiwa na deksamethasoni au steroidi nyingine, yanatuliza haraka kweli, lakini ukiyatumia wiki nyingi bila kupimwa yenyewe yanapandisha presha ya jicho. Mtoto anaweza kupoteza macho kwa dawa ya muwasho.

Kingine, daktari alituambia habari ambayo imenipa moyo. Utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, ukatoka 2021, ulilinganisha timololi na matibabu ya leza, yaani mwanga maalum unaopigwa kwenye kile kichujio. Baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwenye macho 61 katika kila 100, matone 31. Mimi naona inaeleweka kabisa, matone yanataka hela kila mwezi na mtu wa kukumbusha kila siku, leza unaenda unapigwa unarudi nyumbani, na ikipungua nguvu inaweza kurudiwa. Haimrudishii mtu alichopoteza, inalinda kilichobaki. Mkifika hospitali kubwa ulizeni kama ipo, msiogope kuuliza.

Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nao wewe hatari yako inapanda mara kadhaa, na sisi Waafrika unatuwahi tukiwa bado na umri mdogo. Mimi nina miaka 44, naona vizuri, nilienda kumsindikiza baba tu, nikapimwa, nikasoma 25. Na usikubali kupimwa presha peke yake ukaondoka, mwambie daktari akuangalie na ule mshipa wa fahamu kwa nyuma, kuna watu presha yao inasoma kawaida na mshipa unaliwa. Wakikupanua mboni nenda na mtu na usiendeshe, jua la saa saba lile litakutesa.

Sasa hivi saa tatu usiku simu ya baba inalia, analala mkekani mwenyewe, mimi namuwekea yake halafu na mimi naweka yangu. Bao anacheza, wenzie wamesogeza ubao ukae kulia kwake. Mdogo wangu wa kiume yuko Muheza ana miaka 41, kaniahirishia mara mbili, ila Jumamosi hii kaahidi, na nitaenda kumpokea stendi ya Kange mwenyewe.