Mama ana kiharusi na anasema sala ya kitandani si sala

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Niko Tukuyu, namuuguza mama. Alipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, na haja ndogo inamtoka, kwa hiyo tunamvalisha pampasi. Akili anazo na anaongea vizuri. Shida ni kwamba analazimisha kutawadha na kuswali kwa kusimama kama zamani, na ameshaanguka. Ukimwambia aswali kitandani analia, anasema hiyo si sala. Mimi niliacha biashara yangu sokoni. Kaka zangu wako Mbeya mjini na Dar es Salaam, wanatuma hela ya dawa wanapokumbuka. Siku moja nilimjibu mama vibaya, nikamwambia nimechoka naye. Sala zangu zinachelewa, na Ramadhani iliyopita tarawehe sikuiona. Naomba kujua hukumu ya sala yake na funga zake, na mimi niko upande gani mbele ya Mwenyezi Mungu.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Nianze na mama, maana yeye ndiye anayeanguka.

Sala anayoidharau ilielekezwa na Mtume mwenyewe (s.a.w.). Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume aswali vipi. Akaambiwa aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Imepokewa na Bukhari. Najua iko Hadithi ya kwamba anayeswali amekaa hupata nusu ya malipo, na huenda mama aliisikia kwenye mawaidha. Wanazuoni wameieleza kuwa inamhusu mtu mwenye uwezo wa kusimama akaamua kukaa katika sala ya sunna. Mama yako hamo.

Kisha msomee Hadithi ya Abu Musa, nayo iko kwa Bukhari: mja akiugua au akiwa safarini huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko kwake. Maana yake zile rakaa za usiku alizozizoea kabla ya kiharusi bado anaandikiwa. Usimsomee mara moja ukadhani yameisha. Wazee wetu wa huku nyanda za juu wamekua wakiona mtu kulala mchana ni uvivu, sembuse kuswali umelala. Itachukua muda.

Sasa namna yenyewe. Akiweza kukaa kwenye kiti imara bila kuyumba, aswali kwenye kiti. Akishindwa, kitandani. Kibla kwenu Tukuyu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Kitanda kikiwekwa kichwa upande wa mashariki na miguu magharibi, mkimgeuza ubavu wa kulia uso unaelekea kibla, na ubavu huo ndio wake wenye nguvu. Au mkalishe kwa mito mgongoni, miguu ikielekea kaskazini. Rukuu na sijda atainamisha kichwa, sijda iwe chini zaidi kuliko rukuu. Hakuna haja ya kumwinulia mto apate kuusujudia.

Kusaidiwa kutawadha hakumpunguzii kitu. Mughira bin Shu'ba alimmiminia Mtume maji akatawadha. Mkono uliopooza nao uoshwe, wewe ndiye utauosha. Wako wanaouruka wakisema umekufa, hilo si sahihi. Na maji yawe ya uvuguvugu. Juni na Julai kwenu si za kumwagia mgonjwa maji ya bomba alfajiri. Amri bin Al-As, katika safari ya Dhatus-Salasil, alipata janaba usingizini usiku wa baridi kali, akatayamamu kwa udongo badala ya kuoga akawaswalisha wenzake. Alipoulizwa akataja aya "wala msijiue", na Mtume akacheka asiseme neno. Lakini nyie mna jiko, basi chemsheni. Ila jiko hilo la mkaa, nakuomba sana, lisilale chumbani kwa mama milango imefungwa kwa ajili ya joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Kuhusu pampasi: wakati wa sala ukishaingia, mtoe aliyovaa, msafishe, mvalishe nyingine, mtawadhishe, na aswali papo hapo. Mkojo ukitoka katikati ya sala aendelee, haukati kitu, kwa sababu hana uwezo nao. Katika madhehebu yetu ya Shafii udhu huo ni wa faridha moja na sunna kadiri apendavyo, kwa hiyo kila faridha mnaanza upya.

Hapo najua unajiuliza, mara tano kwa siku peke yangu? Kauli mashuhuri ya Mashafii hairuhusu kukusanya sala kwa ugonjwa. Lakini Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu hayo hayo, aliona hoja ya kuruhusu ina nguvu, na Imamu Ahmad ameruhusu. Wanazuoni wa Kihanbali wamempa ruhusa hata mama anayenyonyesha, kwa taabu ya kusafisha najisi kila sala. Mimi katika hali ya mama yako nafuata kauli hiyo: aswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, Magharibi na Isha pamoja. Akusanye bila kupunguza rakaa, maana si msafiri. Siku zako ngumu nawe usijinyime ruhusa hiyo, ila usiifanye desturi.

Funga ni jambo fupi. Kama daktari amesema hataweza tena kufunga, kwa mfano kwa ajili ya vidonge vya presha visivyopaswa kurukwa, analisha maskini mmoja kwa kila siku, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 184. Ni kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa kwenu, mchele au mahindi. Ukipima robo tatu ya kilo umetoka kwenye shaka. Inatoka kwenye mali yake. Kama shamba lake la ndizi au parachichi linaingiza kitu, toa humo.

Sasa wewe. Kumwambia "nimechoka na wewe" ni kosa, kwa kuwa Qur'ani imekataza hata kumgunia mzazi "uff". Muombe radhi kwa mdomo, mshike mkono, yaishe. Lakini kuchoka kwenyewe si dhambi. Mtu anayeamka usiku kila baada ya saa mbili kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo lazima achoke. Sahaba Abu Dardaa alipojikalifisha kwa ibada, sahaba mwenzake Salman alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Mtume akasema Salman amesema kweli.

Na tarawehe usiililie. Uthman bin Affan hakuwepo kwenye vita vya Badri, na hakukwepa. Mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume akamwacha amuuguze, akamwambia ana ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri. Kama vita vile vilifidiwa na kitanda cha mgonjwa, rakaa za sunna zitashindwaje?

Kaka zako nina neno nao. Kumtunza mzazi ni wajibu wa watoto wote, na hela ya dawa inayokuja "wakikumbuka" haijaufikia. Wake zao hawalazimiki kumuuguza mama mkwe; wakifanya ni ihsani. Wana wenyewe ndio wanaodaiwa. Mtoto wa kiume anaweza kumnyanyua mama, kumfanyisha mazoezi ya viungo, kumpikia uji, kukesha naye. Kumsafisha sehemu za siri kufanywe na mwanamke, na asipokuwepo kabisa ni dharura, avae glavu na amfunike shuka. Anayeshindwa kuja zamu alipe mshahara wa dada wa kukusaidia, kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana. Waite wote kwa simu siku moja, wa Mbeya na wa Dar, mpangiane zamu, na wa Mbeya aanze kwa kuwa yuko karibu. Wakibisha, wape namba yangu.

Wallahu aalam.