Maswali Yenu: Sembène, kuli aliyeshika kamera

Wengi mmeniuliza kuhusu Ousmane Sembène, mwelekezi wa filamu wa Senegal aliyefariki Dakar mwaka 2007. Leo najibu hayo tu. Wa bei za kamera, ngojeni.

Babangu alikuwa kuli Kilindini. Asema Sembène naye alibeba mizigo bandarini. Kweli? (Changamwe)

Kweli tupu. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi, na baada ya vita akawa mpakuzi wa meli Marseille, Ufaransa, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mpaka alipoumia vibaya mgongo. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1956, inamhusu kuli Mwafrika huko huko Marseille. Mwambie mzee na hili: mwaka 1947 makuli wa Mombasa waligoma Januari, na Oktoba wakagoma wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Mto Niger. Mgomo huo wa pili Sembène aliuandikia kitabu kizima.

Nina miaka 36. Nimechelewa kuanza? (Kisauni)

Yeye alikuwa akikaribia 40 alipokwenda Moscow kujifunza filamu, naye tayari mwandishi mwenye jina. Kilichompeleka ni kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa chake. Wewe acha kuhesabu miaka, niambie una hadithi gani.

Sina pesa za waigizaji. Naweza kumtumia shangazi yangu? (Majengo)

Waweza, dada. Aliyeigiza Diouana katika filamu ya Sembène, *La Noire de…* ya mwaka 1966, Mbissine Thérèse Diop, alikuwa fundi cherehani. Diouana anatolewa Dakar kwa ahadi ya kulea watoto. Akifika Antibes, Ufaransa, kumbe ni kupika na kupiga deki. Sisi wenye mabinti Ghuba hatuhitaji kufafanuliwa. Mtazame anavyosafisha nyumba amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino, na namna bibi mwenye nyumba anavyokerwa na vile viatu. Mbele ya waajiri hasemi mengi zaidi ya “ndiyo, madam”. Mengine yote tunayasikia moyoni mwake, kwa sauti ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Yaani uso wa mmoja, sauti ya mwingine. Kwa hiyo mpe shangazi kazi ya mikono mbele ya kamera, hotuba ndefu mpunguzie. Na nauli yake umlipe, usimfanye Diouana wa pili.

Niandike Kiswahili sanifu au Kimvita? (Mji wa Kale)

Kama wahusika wako ni wa Mji wa Kale, waseme kama watu wa Mji wa Kale. Sembène alitengeneza *Mandabi*, mwaka 1968, kwa Kiwolofu, lugha ya kwao Senegal, ingawa pesa za Ufaransa zilimlazimu kupiga na toleo la Kifaransa. Humo mzee mmoja anatumiwa hawala kutoka Paris, hawezi kuichukua kwa kukosa kitambulisho, anazungushwa ofisi hadi ofisi. Wapwani na kitambulisho! Siongezi neno.

Serikali yake haikumsumbua? (Likoni)

Ilimsumbua. *Ceddo* ya mwaka 1977 ilipigwa marufuku Senegal. Sababu rasmi ilikuwa herufi katika jina la filamu: serikali ilitaka “d” moja, yeye akashikilia mbili. Nani aliamini?

Nianze kutazama ipi? (Bamburi)

*Borom Sarret*, ya mwaka 1963, dakika kama 20 tu. Mwenye mkokoteni wa farasi anabeba watu, wengine hawamlipi, kisha anaingia Plateau, mtaa wa wenye nazo usioruhusu mikokoteni, na askari anamnyang'anya chombo chake cha kazi. Sauti ilitiwa baadaye, kwa hiyo itazame mara ya pili umeizima, uone picha zinavyobeba kazi. *Moolaadé* ya mwaka 2004 iache kwanza. Aliipiga kijijini Burkina Faso akiwa na miaka 80 hivi, na si ya kutazamwa kwa simu ukiwa kwenye matatu.