Usiende kwa DC na barua ya mwenyekiti wa kijiji

Mleta mada, usilipe hata shilingi. Umesema mwenyekiti wa kijiji amekuandikia barua ya kukupa ekari kumi, Jumatatu unakwenda kwa DC, yaani mkuu wa wilaya, aigonge muhuri ndipo umalizie hela, na unauliza nani mkubwa kati ya DC na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Nilianzia hapohapo, nikapoteza hela na shamba.

Hapa Tanzania DC ni wa serikali kuu, anateuliwa na Rais. Halmashauri ya wilaya ni serikali ya mitaa: ina madiwani waliochaguliwa kwenye kata, na mkurugenzi ndiye mtendaji wake mkuu, ingawa naye anateuliwa na Rais. Hizi halmashauri zimewekwa na Sheria Na. 7 ya 1982, baada ya serikali za mitaa kufutwa mwaka 1972. Sasa shika hili: anayegawa ardhi ya kijiji si DC wala mkurugenzi. Ni halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kugawa mpaka mkutano mkuu wa kijiji uwe umeridhia kwanza. Kasome Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8. Mkutano mkuu maana yake wanakijiji wote wa miaka 18 na kuendelea, si watu watano ofisini kwa mtendaji wa kijiji.

Mimi dalali aliniambia, "Mkutano ni utaratibu tu, mtendaji atauandika baadaye." Nikamwamini kwa sababu barua ilikuwa na muhuri na sahihi mbili. Trekta ilipoingia shambani, wanakijiji wakaizuia. Tukaitwa ofisi ya kijiji, kitabu cha mihtasari kikafunguliwa mbele ya watu. Tarehe iliyo kwenye barua yangu, kikao kilijadili vyoo vya shule na mifugo inayoingia mashambani. Jina langu halimo. Mwenyekiti akaangalia chini, mtendaji akasema yeye ni mgeni pale. Dalali hapokei simu hadi leo. Kinachoniuma ni kwamba alijua! Analima kijiji hichohicho, mikutano anahudhuria, na bado aliniachia niuze ng'ombe wa mama yangu.

Wilayani nako walinisikiliza vizuri, wakanirudisha kijijini.

Kwa hiyo omba kitabu cha mihtasari ukisome mwenyewe. Tafuta mkutano mkuu ulioridhia, orodha ya mahudhurio, jina lako, ukubwa wa eneo na mipaka yake. Kama kuna malipo, dai stakabadhi ya kijiji, usimpe mtu mkononi. Baada ya hapo ndipo uombe hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, na hapo ndipo afisa ardhi wa wilaya anapoingia, kuisaini na kuisajili.

Wewe nenda kijijini kabla ya Jumatatu, na wakikwambia kitabu kiko kwa mtendaji aliyehamishwa, ondoka na hela yako.