Spika za zamani zinakwaruza, nizitupe?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina spika mbili alizoniachia baba, za miaka ya 1980, ohm 8. Moja besi ikipiga inakwaruza vibaya, nyingine sauti nyembamba za juu hazitoki kabisa. Nimeambiwa koili (ule uzi wa shaba uliozungushwa ndani ya spika) zimeungua ninunue mpya, ni kweli?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu, na tafadhali usitupe kitu, hakuna anayejua koili imeungua bila kupima. Anza na ampu, waya za kushoto zipeleke kulia na za kulia kushoto, mkwaruzo ukihamia spika ya pili ujue mgonjwa ni ampu.

Ukibaki palepale, toa kitambaa cha mbele uguse ule ukingo unaoshikilia koni, yaani lile bakuli linalotikisika sauti ikitoka. Nyingi za miaka ile ziliwekewa sponji, na sponji inaoza hata spika ikikaa tu bila kupigwa, ukigusa inabaki kidoleni makombo meusi yananata. Ikishakatika koni inaenda upande, koili inasugua kwenye sumaku, mara nyingi mkwaruzo wenyewe ndio huo. Sasa weka vidole pande mbili za koni usukume ndani taratibu sana. Ikienda laini, kimya, basi koili haijapinda, unabandika ukingo mpya tu yaani spika inarudi kuimba kama zamani. Ukisikia kama msasa hata ukiwa umeiweka koni katikati, hapo koili imepinda au imeachia gundi, mpelekee fundi.

Ile nyingine, chomoa waya mmoja wa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, uipime kwa mita ya umeme upande wa ohm. Twita ya ohm 8 husoma 6 hivi, usishtuke ni kawaida. Isiposoma kitu imekatika. Ikisoma vizuri, shuku kapasita, kile kifaa kidogo kinachozuia besi isifike kwenye twita, kilicho njiani kabla yake maana zile za zamani hukauka, weka mpya ya thamani ileile isiyo na chanya na hasi. Ila twita usiijaribu kwa betri, uzi wake ni mwembamba mno.

Kwenye kubandika ndipo wengi wanaharibu. Kwangua gundi ya zamani yote, bandika ukingo kwenye koni kwanza, ukauke, halafu ndio kwenye fremu, na gundi ikiwa bado mbichi endelea kusukuma koni juu chini huku umetega sikio, ikisugua isogeze kidogo mpaka inyamaze kabisa, kisha iache mpaka kesho usiiguse.